Sura ya Saba: Bendi Isiyoimba

Julai 20, 1969, katika chumba cha kuongozea safari za anga mjini Houston, Marekani, Gene Kranz alianza kuwaita wenzake kwa majina ya kazi zao. Chombo cha Apollo 11 kilikuwa kinakaribia kutua mwezini, na yeye, akiwa na miaka 35, ndiye aliyekuwa kiongozi wa zamu. Aliyeshika njia ya chombo, aliyeshika kompyuta ya uongozaji, aliyeshika mawasiliano, daktari: kila mmoja aliulizwa kama safari iendelee au isitishwe, na kila mmoja alijibu kwa neno moja fupi la Kiingereza, "Go". Kanda za kurekodia zilikuwa zinazunguka, zikanasa yote.

Mwaka 2015 bendi ya London iitwayo Public Service Broadcasting ilitoa albamu ya The Race for Space, na ndani yake umo wimbo unaoitwa "Go!". Hakuna mwanabendi anayeimba humo. Anayeongoza wimbo ni Kranz, na wanaoitikia ni wenzake wa Houston. Ngoma zinakwenda kasi, gitaa linapanda taratibu, kinanda cha umeme kinazunguka palepale, na lile zoezi la kuulizana kazini limegeuka mwito na kiitikio. Kila orodha inapoanza upya, hatua nyingine ya hatari imeshapita. Kila msikilizaji anajua kwamba wanaanga wa Apollo 11 walitua salama. Hata hivyo moyo unadunda, kwa sababu muziki umeyarudishia maneno yale kitu ambacho vitabu vya historia haviwezi kuyapa: wakati ambapo aliyekuwa akijibu hakujua kesho.

Katika bendi zote za karne hii zilizochanganya sauti za kuokota na gitaa la rock, sijui iliyoonyesha wazi kuliko hii kwamba kuokota sauti ni kazi yenye dhima. Ukichukua maneno ya mtu aliyesema kwa sababu zake, ukayapeleka kwa watu ambao hakuwafikiria, unamwongoza au anakuongoza? Na katika maelfu ya sauti zilizohifadhiwa, ni za nani unazochagua kuzirudisha hewani?

Waliotangulia

Fani ya kutengeneza muziki kwa sauti zilizorekodiwa duniani ilianza kabla ya kompyuta, na mmoja wa waasisi wake ni Mwafrika. Mwaka 1944, mjini Cairo, kijana Halim El-Dabh aliazima mashine ya kurekodia kwa waya kutoka kituo cha redio, akairekodi ngoma ya zari, ile ya wanawake ya kutuliza mashetani. Kisha akairudisha studio, akapunguza sauti za msingi na kuacha mwangwi na mivumo inayobaki juu yake. Miaka minne baadaye, mjini Paris, mhandisi wa redio Pierre Schaeffer alirekodi vichwa vya treni katika stesheni ya Batignolles na kuviunganisha kuwa utunzi. Na mjini Berlin, mwaka 1930, mtengeneza filamu Walter Ruttmann alikuwa ameshaunda filamu isiyo na picha: sauti tupu za mwisho wa wiki mjini, zilizorekodiwa kwenye mkanda wa filamu na kurushwa redioni.

Waliofuata waligeukia sauti ya binadamu. Mwaka 1981 Brian Eno na David Byrne walitoa My Life in the Bush of Ghosts, albamu iliyochukua jina lake kutoka riwaya ya Mnigeria Amos Tutuola, na ambamo wahubiri na watangazaji wa redio za Marekani walishika nafasi ya mwimbaji. Mwaka 1988 Steve Reich alitunga Different Trains, ambapo vinanda vya nyuzi vinafuata kupanda na kushuka kwa sauti za watu wanaosimulia safari za treni, wakiwamo walionusurika mauaji ya Wayahudi. Reich alisikiliza mtu anavyosema, akagundua kwamba usemi wenyewe una tuni, na kwamba kazi ya mtunzi ni kuifuata.

Public Service Broadcasting ni warithi wa hao wote, lakini walileta mambo mawili yao. La kwanza ni bendi ya kweli, yenye mpiga ngoma anayetoka jasho mbele ya watu. La pili ni masimulizi: albamu nzima inabeba historia moja, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, kama mtu anavyosoma kitabu.

Mwanzilishi wake, anayejiita J. Willgoose, Esq., alianza peke yake mwaka 2009. Hupiga gitaa, banjo na vinanda vya umeme, na ndiye anayechagua na kukata sauti. Baadaye alijiunga Wrigglesworth, mpiga ngoma, kisha J F Abraham, anayepiga besi na ala za kupuliza. Jukwaani Willgoose huvaa suti ya kodrai, miwani na tai ya kipepeo, na huwa haongei na watu kwa mdomo wake. Hata salamu kwa hadhira hutoka kwenye kompyuta, kwa sauti zilizorekodiwa. Nyuma yao zinaonyeshwa filamu zile zile zilizotoa maneno. Mwanamuziki aliyejiondolea sauti yake mwenyewe anamlazimisha msikilizaji awasikilize wengine.

Jina la bendi maana yake ni utangazaji wa umma, na albamu yao ya kwanza ya mwaka 2013, Inform – Educate – Entertain, iliazima wito wa John Reith, mkurugenzi mkuu wa kwanza wa BBC. Msikilizaji wa redio wa Afrika Mashariki ameusikia wito huo tangu utotoni: kuhabarisha, kuelimisha na kuburudisha. Redio zetu za umma zilianza enzi za ukoloni kwa mfano wa BBC, na wito ukaja pamoja na mitambo. Bendi hii iliuchukua kwa dhati, ikauliza kama muziki wa vijana wa karne ya 21 unaweza kuutimiza.

Neno likishika mapigo

Ili kuelewa wanavyofanya kazi, tuchukue "Night Mail" wa albamu hiyo ya kwanza. Chanzo chake ni filamu ya mwaka 1936 iliyotengenezwa na kitengo cha filamu cha posta ya Uingereza, kuhusu treni ya usiku iliyobeba barua kutoka London hadi Scotland. Waongozaji walikuwa Harry Watt na Basil Wright, muziki ulikuwa wa Benjamin Britten, na W. H. Auden aliandika shairi la sehemu ya mwisho, akifuata mwendo wa magurudumu.

Ndani ya filamu hiyo kuna tukio ambalo mwanamuziki yeyote angelionea wivu. Treni haisimami katika vituo vidogo. Mifuko ya barua hutolewa nje kwa mkono wa chuma na kudakwa na wavu ulio kando ya reli, treni ikiwa mwendo wa kasi. Mfanyakazi mgeni anafundishwa ajue lini autoe mfuko katika giza. Anaambiwa asikilize: yapite madaraja mawili, kisha ahesabu mapigo 45 ya magurudumu juu ya maungio ya reli. Akikosea hesabu, mfuko umepotea. Watu hawa waliishi kwa kuhesabu mapigo usiku kucha, na hakuna aliyewaita wanamuziki.

Kwa hiyo Willgoose alipoweka ngoma na kinanda chini ya maneno ya filamu ile, mapigo yalikuwemo tayari. Kazi yake ilikuwa kuyatafuta. Hapa ndipo ufundi ulipo. Sauti ya msimulizi wa filamu za zamani ni nyembamba. Maneno yake yanaeleweka katika eneo dogo la masafa, takriban herzi 300 hadi 3,400, na gitaa lenye mkwaruzo linajaza eneo hilo hilo. Ukiviachia vyote kwa pamoja, neno linazama. Basi mpangilio wa nyimbo hizi una kanuni moja: msimulizi anapoanza kusema, gitaa hurudi nyuma, besi na ngoma hubaki zimeshika njia; anaponyamaza, gitaa huingia na kumalizia hisia ambazo yeye, kwa adabu ya watangazaji wa wakati ule, asingezionyesha. Sentensi inakatwa mahali pumzi ilipovutwa. Neno la mwisho linasogezwa kidogo lidondoke juu ya pigo la kwanza. Msikilizaji haoni mshono wowote, ila anahisi kwamba mzee aliyesoma maandishi ya serikali mwaka 1936 alikuwa na mdundo kifuani.

Sauti ya serikali

Kuna jambo gumu hapa, nalo linastahili kusemwa wazi. Filamu nyingi ambazo bendi ilianza nazo zilikuwa propaganda. Rekodi fupi iliyowatambulisha, The War Room ya mwaka 2012, ilijengwa kwa filamu za Uingereza za Vita Kuu ya Pili, kwa idhini ya taasisi ya filamu ya nchi hiyo, BFI. Wimbo wa "London Can Take It" unatokana na filamu ya mwaka 1940 ya Humphrey Jennings na Harry Watt. Msimulizi wake ni Quentin Reynolds, mwandishi wa habari Mmarekani, na uteuzi huo haukuwa wa bahati. Marekani ilikuwa haijaingia vitani, na Waingereza walitaka Wamarekani waisikie London ikipigwa mabomu kwa lafudhi ya mtu wao. Kila kivumishi cha Reynolds kilikuwa na kazi ya kisiasa.

Je, bendi inayoyapa maneno hayo gitaa na ngoma inaieneza propaganda upya? Wapo wanaowashutumu kwa kutamani enzi zilizopita, na shutuma hiyo si ya kupuuzwa. Jibu langu liko katika muziki wenyewe. Sikiliza mahali ambapo ngoma zinakaa kimya. Propaganda haipendi kimya, kwa sababu kimya humpa msikilizaji nafasi ya kufikiri. Willgoose anakitumia mara kwa mara, na pale sauti ya ushujaa inapoachwa peke yake, bila muziki wa kuishika mkono, tunausikia uchovu uliomo ndani yake.

The Race for Space ndiyo albamu iliyokomaza njia hii. Inaanza na hotuba ya Rais Kennedy ya Septemba 12, 1962, katika Chuo Kikuu cha Rice, ikisindikizwa na kwaya. Kisha inapita pande zote mbili za ushindani wa angani kati ya Marekani na Muungano wa Kisovieti: setilaiti ya Sputnik ya Oktoba 4, 1957, Yuri Gagarin, mtu wa kwanza angani, wa Aprili 12, 1961, aliyepewa wimbo wa fanki wenye matarumbeta, kwa furaha ya mji mzima uliotoka barabarani, na Alexei Leonov aliyetoka nje ya chombo chake Machi 18, 1965. Kwa Valentina Tereshkova, mwanamke wa kwanza angani, mwaka 1963, bendi iliwaita wanawake wawili wa kundi la Smoke Fairies waimbe. Katika albamu iliyojaa sauti za wanaume wa kiserikali, pengo hilo lilihitaji kuzibwa na pumzi za watu walio hai.

Katikati ya albamu kuna "Fire in the Cockpit", kuhusu Januari 27, 1967, siku Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee walipokufa kwa moto ndani ya chombo cha Apollo 1 kikiwa bado ardhini, kwenye majaribio. Bendi yenye mpiga ngoma hodari kama Wrigglesworth ingeweza kuupamba msiba ule kwa vishindo. Haikufanya hivyo. Kuna mtangazaji, kuna uvumi wa chini na nyuzi zinazolia polepole, basi. Mtu anayejua lini asipige chombo chake ameielewa sauti aliyoiokota.

Kisha huja "The Other Side", wimbo ninaouona kuwa kilele cha kazi yao yote. Desemba 24, 1968, Apollo 8 ilikuwa inaingia nyuma ya mwezi ikiwa na Frank Borman, Jim Lovell na Bill Anders. Mawimbi ya redio hayapenyi mwezi. Kwa zaidi ya nusu saa hakuna ambaye angejua kama injini imewaka sawasawa, au kama watu watatu wametoweka moja kwa moja. Muziki unakwenda pamoja na sauti ya Houston inayohesabu dakika, unasogea kwenye ukingo, na mawasiliano yanapokatika, mapigo nayo yanakatika. Unabaki mvumo mwembamba. Sauti ya Houston inaita, inasubiri. Chombo kinapojibu, ngoma, besi na gitaa vinarudi vyote kwa mpigo mmoja, na chumba kile cha watu wenye mashati meupe na tai kinashangilia ndani ya wimbo. Hiyo ni mbinu ya kawaida kabisa ya muziki wa dansi: ondoa mapigo, wasubirishe watu, yarudishe. Lakini hapa kusubiri kwenyewe ndiko kulikotokea kweli, na mbinu imepata maana yake kamili.

Sauti ya mchimbaji

Ufanisi wa albamu ile ungeweza kuwafunga. Wangeweza kutafuta ushindi mwingine mkubwa wa wanadamu, wakaupigia ngoma. Willgoose alielekea chini ya ardhi. Every Valley ya mwaka 2017 inahusu makaa ya mawe katika mabonde ya Wales Kusini: kazi iliyojenga jamii nzima, na jinsi ilivyokufa. Bendi ilihamia Ebbw Vale, mji uliolelewa na chuma na makaa, ikarekodi katika ukumbi wa mihadhara wa taasisi ya zamani ya wafanyakazi. Katika hifadhi ya wachimbaji wa Wales Kusini walikuta kile ambacho filamu za serikali hazina: wachimbaji na wake zao wakieleza maisha yao kwa maneno yao.

Albamu imepangwa ili sauti hizo mbili zikutane. "People Will Always Need Coal" umetokana na filamu ya shirika la taifa la makaa iliyowashawishi vijana wajiunge na kazi, kwa ahadi kwamba makaa yatahitajika daima. Muziki wake ni mchangamfu, kwa sababu waliosikia ahadi hiyo waliiamini na walikuwa na haki ya kuiamini. Nyimbo chache baadaye ni "All Out", nao ni wa mgomo wa 1984 hadi 1985, mwaka mzima bila mshahara, uliomalizika Machi 3 kwa uamuzi wa wachimbaji kurudi kazini bila makubaliano. Hapo gitaa linakuwa zito kuliko mahali popote katika kazi za bendi hii, na hakuna msimulizi wa serikali wa kulituliza.

"They Gave Me a Lamp", waliofanya pamoja na kundi la Haiku Salut, unawaachia nafasi wanawake. Walioanza kwa kupika na kugawa chakula kwa familia za waliogoma walijikuta wakihutubia mikutano, wakisafiri, wakijua siasa, na hawakurudi kuwa walivyokuwa. Ukisikiliza namna wanavyosema, unagundua tofauti na wasimulizi wa filamu. Hawasomi. Wanasita, wanatafuta neno, wanalipata. Mapigo yao hayanyooki, na bendi imepanga muziki uwafuate wao. Mwishoni, katika "Take Me Home", kwaya ya wanaume wa Beaufort, watoto wa mabonde hayo hayo, inaimba. Bendi isiyozoea kuimba imeirudisha sauti kwa wenyewe.

Albamu hiyo ilifika nafasi ya nne kwenye chati ya Uingereza. Simulizi la migodi iliyofungwa lilinunuliwa na umma mpana. Wanaodai kwamba wasikilizaji wa muziki wa pop hawataki historia waifikirie habari hiyo.

Umeme wa barabarani, na sauti zisizokuwepo

Kwa Bright Magic ya mwaka 2021 Willgoose alihamia Berlin, akafanya kazi katika studio maarufu ya Hansa, na kwa mara ya kwanza akaacha kutegemea hifadhi za filamu. Akiongozwa na mfano wa Ruttmann, aliiokota sauti ya mji wenyewe. Alitembea katika barabara ya Leipziger Strasse, ambako taa za umeme za kwanza za mji ziliwekwa, akiwa na kifaa kidogo kilichotengenezwa Moscow kinachonasa mawimbi ya sumaku-umeme na kuyageuza kuwa sauti. Nyaya na taa zote zina mlio ambao sikio halisikii. Kifaa kile kiliusikia, na milio hiyo ikaingia kwenye muziki. Blixa Bargeld, ambaye na kundi lake la Einstürzende Neubauten amepiga vyuma na mashine za ujenzi kama ala tangu miaka ya 1980, alitoa sauti katika wimbo unaohusu mitambo.

The Last Flight ya mwaka 2024 iliwakutanisha na kikwazo kigumu zaidi. Ni albamu ya Amelia Earhart, rubani Mmarekani aliyepotea Julai 2, 1937, pamoja na mwelekezaji wake Fred Noonan, wakikitafuta kisiwa cha Howland katika Bahari ya Pasifiki. Wiki chache kabla walikuwa wamelivuka bara la Afrika kutoka magharibi hadi Bahari ya Shamu, wakapita Khartoum na Massawa. Meli ya Itasca iliyokuwa ikiwasubiri ilizisikia simu za mwisho za redio za Earhart, na waliokuwa zamu waliziandika kwenye daftari. Hawakuzirekodi. Maneno yapo, sauti haipo. Bendi iliyozoea kumwachia marehemu aseme mwenyewe ililazimika kumpa mwigizaji maneno ya Earhart ayasome.

Linganisha hilo na mabonde ya Wales. Earhart alikuwa miongoni mwa wanawake maarufu kuliko wote duniani, na dakika zake za mwisho zimebaki wino. Mke wa mchimbaji ambaye hakuna gazeti lililomjua anasikika hadi leo, kusita kwake na kicheko chake vikiwa vizima, kwa sababu mtu fulani alikwenda nyumbani kwake na mashine ya kurekodia, akakaa, akamsikiliza, kisha akaiweka kanda mahali salama. Muziki wa sauti za kuokota unaanzia kwa mtu huyo, kabla ya gitaa na kabla ya kompyuta. Hiyo ndiyo sababu ninawaheshimu Public Service Broadcasting. Wamechukua kazi isiyo na makofi, ya watunza kanda na watunza filamu, wakawaonyesha maelfu ya vijana waliosimama mbele ya jukwaa kwamba bila kazi hiyo wasingekuwa na cha kucheza.